Mikoba Isiyo na Mrithi: Suala la Istilahi kutoka Handeni na Korogwe

Kiswahili kina usemi mashuhuri wa kurithi mikoba. Siku hizi husemwa juu ya mwenyekiti wa chama au kocha wa kandanda, lakini asili yake ni mkoba wa mganga, mfuko wa kutilia tunguri na dawa, ambao mwenyewe afapo humwendea mmoja wa ukoo wake. Katika makala haya hatukusudii kueleza namna mkoba unavyorithiwa, maana neno la tendo hilo tunalo. Tunakusudia kuuliza juu ya siku ile tunguri imepasuka, dawa zake hazijulikani tena, na mrithi ni Mwislamu au Mkristo asiyetaka kuutumia wala hathubutu kuutupa. Tendo linalompasa siku hiyo tuliite nini?

Tumezichagua wilaya za Handeni na Korogwe kwa kuwa suala hili lina historia ndefu huko. Wenyeji wengi ni Wazigua, na Korogwe wamo pia Washambaa na Wabondei, pamoja na wazao wa watu waliotoka mbali kufanya kazi katika mashamba ya mkonge. Wazigua, kama Wazaramo, Wakwere na Waluguru, hutajwa pia miongoni mwa makabila yaliyokuwa na mwanahiti, kinyago kidogo cha mti kilichohusika na unyago wa wasichana, kikashushwa ndani ya ukoo kizazi hata kizazi. Uislamu uliingia kwa njia za misafara ya pwani, na wamisionari wa Kianglikana wakafika katika nusu ya pili ya karne ya 19. Tena Handeni ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizotangulia kuanzisha vijiji vya ujamaa miaka ya 1960, kabla ya Operesheni Vijiji ya 1973 hadi 1976. Familia iliyohama ilibidi iamue ni kipi kichukuliwe na kipi kibaki katika mahame.

Vitu hivi havikukosa majina. Vimepewa mengi mno, na kila jina lina amri yake. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928, iliyotungwa na serikali ya kikoloni, iliweka kosa la kumiliki zana za uchawi; chini ya jina hilo urithi wa babu ni ushahidi wa mahakamani. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yazungumzia vitu vya utamaduni wa makabila, visivyoruhusiwa kupelekwa nje bila ya kibali. Chini ya jina hilo mkoba uleule ni mali ya kulindwa. Na mfanyabiashara wa vinyago huuita sanaa ya kale, naye huutafutia bei. Mkoba ni mmoja, lakini mwenye kuutaja kwanza ndiye auamuliaye hatima. Jamaa waliourithi ndio peke yao wasio na istilahi.

Yafaa tutazame kwa jirani. Msahafu uliochakaa hautupwi jalalani. Wanavyuoni wamekubali uzikwe mahali pasipokanyagwa. Na wale wanaoona kuwa wafaa kuchomwa hukumbusha kwamba Khalifa Uthman aliamuru nakala zilizohitilafiana zichomwe. Wayahudi nao huviweka vitabu vyao vitakatifu vilivyochakaa katika chumba kiitwacho geniza, kisha aghalabu huvizika makaburini. Katika sinagogi la Ben Ezra, Fustat, karibu na Cairo, chumba hicho kilijaa kwa karne nyingi. Solomon Schechter alipokifikia mwaka wa 1896, vilipatikana vipande vilivyopelekwa Cambridge ambavyo leo vyahesabiwa kuwa 190,000 na zaidi, zikiwamo barua za wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Neno geniza hunasibishwa na neno la Kiajemi lenye maana ya hazina; na wapo wataalamu wanaolihusisha na janaza la Kiarabu, ambalo sisi tumelipata kuwa jeneza. Hazina na jeneza katika shina moja: hilo ndilo wazo tunalolitafuta.

Twapendekeza kitenzi sitiri. Kusitiri ni kufunika kwa heshima, na watu wetu husema marehemu amesitiriwa, wakimaanisha amezikwa. Kutokana na sitiria twaweza kupata sitirio, kama kimbilio litokavyo katika kimbilia: mahali ambapo kitu cha ibada au cha tambiko kisichotumika huwekwa bila ya kutukanwa. Huenda msomaji akapinga kwamba hifadhi yatosha. Hatukubali. Kilichohifadhiwa katika makumbusho chapaswa kuonyeshwa, kilichositiriwa hakipaswi. Mwanahiti lilikuwa jambo la mwali na wakufunzi wake, na kuliweka ndani ya kioo ni uamuzi mwingine kabisa. Ukoo unaweza kuuchagua, lakini uuchague ukijua kwamba njia ni mbili.

Pana kasoro, nayo tunaikiri: sitara hufunika aibu pia, na mwenye nia mbaya aweza kudai kwamba urithi wetu ni aibu ya kufichwa. Jibu letu ni kwamba hatumsitiri maiti kwa kumwonea haya.

Mwisho, tukumbuke kwamba katika karne ya 19 Wazigua wengi walichukuliwa hadi bonde la mto Juba nchini Somalia, wengi wao wakiwa watumwa. Mateka hachukui mkoba wa babu. Hata hivyo Kizigua kiliendelea kusemwa huko, na vita vya 1991 vilipowatawanya wazao wao, baadhi walirudi Tanzania wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni. Walirudi na maneno. Sisi ambao vitu vingali mikononi mwetu tusikubali kuvipoteza kwa kukosa neno.