Upashaji joto wa injini, Stockholm

Upashaji joto wa injini ni utaratibu wa kuipa injini joto kabla ya kuwashwa. Jijini Stockholm, ambako baridi ya Januari hushuka mara nyingi chini ya nyuzi 0, oili huwa nzito na nguvu ya betri hupungua, hivyo stata huzungusha injini kwa shida.

Katika injini ya petroli, koili huongeza volti 12 za betri kuwa maelfu ya volti, na plagi ikatoa cheche. Dizeli haina cheche: hewa iliyobanwa ndiyo huwasha mafuta, na plagi za joto hukisaidia chumba cha mwako kupata moto kwa sekunde chache. Dereva husubiri taa ya plagi hizo izimike kabla ya kupiga stata.

Hita ya injini, inayotengenezwa na kampuni kama Calix ya Eskilstuna na DEFA ya Norwei, ni kitu kingine. Hutumia umeme wa volti 230 kutoka nguzo ya maegesho kupasha maji ya kupozea au oili. Saa 1 hadi 2 hutosha kwa kawaida. Kuiacha usiku kucha ni kupoteza umeme bure.

Matunzo yake ni mepesi lakini ni ya lazima. Kebo iliyochubuka ibadilishwe mara moja. Gari likiondoka, kebo ichomolewe kwenye nguzo pia, maana ncha inayoning'inia ikiwa na umeme inaweza kumuua mtoto anayecheza thelujini.