Mambo Kumi na Moja

Nilipokuwa kidato cha pili niliyakariri mambo kumi na moja ya Muungano kama wimbo wa mchakamchaka. Katiba, nchi za nje, ulinzi, polisi, hali ya hatari, uraia, uhamiaji, mpaka bandari na posta. Siku moja nikanyoosha mkono: mbona kilimo hakimo? Mwalimu akanijibu, "Hilo haliulizwi kwenye mtihani." Darasa likacheka, nikakaa.

Miaka ikapita. Nikamaliza kidato cha nne, chuo sikukiona, nikajikuta nafundisha twisheni uani kwetu Manzese: wanafunzi sita, benchi mbili na ubao mmoja. Mwezi uliopita binti mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, mbona kilimo hakimo?" Ndugu msomaji, mdomo ukanitangulia: "Hilo haliulizwi." Nikamwona anavyokaa. Nilijijua.

Kesho yake sikuandika orodha. Niliandika tarehe za mwaka 1964. Januari 12, Mapinduzi ya Zanzibar. Januari 20, askari wa Tanganyika wanaasi Dar es Salaam. Aprili 22, Nyerere na Karume wanatia saini Hati za Muungano huko Unguja. Siku chache baadaye, Bunge la Tanganyika linaziridhia. Nikawaambia wahesabu toka Mapinduzi hadi saini. Siku 101 tu! "Walikuwa na haraka," akasema mmoja. Haya, nikasema, sasa someni orodha mkiwakumbuka watu wenye haraka.

Wakaanza kuona wenyewe. Ulinzi, polisi, hali ya hatari: hawa waliogopa bunduki. Uraia na uhamiaji: nani wetu, nani mgeni. Na kilimo? Afya? Shule za msingi? Hayo Zanzibar ilibaki nayo chini ya serikali yake yenyewe. Yule binti akadakia, "Kumbe hakimo kwa makusudi!" Naam. Katika hati kama ile, kilichoachwa nje kina uzito sawa na kilichoandikwa. Mimi nilikariri maneno yote na hilo likanipita.

Tukaendelea. Hati ziliagiza kwamba ndani ya mwaka mmoja liitishwe bunge la kutunga katiba. Mwaka 1965 ikatungwa sheria ya kuahirisha, na katiba ya kudumu ikaja 1977. Mwaka mmoja ukazaa kumi na mitatu. Orodha nayo ikanenepa: fedha na sarafu 1965, mafuta na gesi 1968, Baraza la Mitihani 1973. Leo mambo ni 22. Kijana wa benchi la nyuma akauliza, "Yaani wanaotunga swali nao wamo kwenye jibu?" Tulicheka mpaka mama akachungulia.

Simdanganyi mtu: orodha nimewaambia waikariri, maana mtihani utaitaka na wazazi wao wamelipa. Lakini orodha bila sababu zake ni kama jina la mtu usiyemjua.

Tulipokuwa tunafunga, binti yule akanyoosha mkono tena.

"Kaka, wananchi waliulizwa?"

Koo lilinikauka. Jibu jepesi lilikuwepo, nalijua kwa moyo. Nikalimeza.

"Kura ya maoni haikupigwa," nikamwambia. "Andika hivyo. Kesho tutajadili kwa nini."

Akaandika akiwa amesimama.