TEKNOLOJIA: Maikrokontrola inapokataa kupokea programu kwenye ubao ulioujenga mwenyewe

MAIKROKONTROLA ni kompyuta ndogo iliyofungiwa ndani ya chipu moja. Ndiyo inayodhibiti joto katika kiangulio cha mayai na kuzima pampu tangi linapojaa. Ubao wa mafunzo kama Arduino Uno, uliozinduliwa mwaka wa 2010, hupokea programu bila matata kwa kuwa waliouunda walikwisha kushughulikia kila njia ya umeme. Mambo hubadilika pale mwanafunzi au fundi anapochora ubao wake, akalehemu chipu, akaunganisha programa, yaani kifaa cha kupakia programu, kisha kompyuta ikamjulisha kwamba chipu haijibu.

Wengi hukata kauli papo hapo kuwa chipu imeungua, wakaing'oa na kubandua njia za shaba pamoja nayo. Hapo ndipo hasara halisi hutokea, maana mara nyingi chipu huwa nzima.

Tuchukue mfano wa ATmega328P, chipu ile ile ya Arduino Uno, iliyobuniwa na kampuni ya Atmel kabla ya Microchip kuinunua kampuni hiyo mwaka wa 2016. Hupokea programu kupitia nyaya sita: chanya, hasi, MOSI, MISO, SCK na RESET. Programa huishusha RESET hadi volti sufuri, kisha huiomba chipu saini yake, ambayo ni 1E 95 0F.

Jibu la saini hutoa fununu kubwa. Ukisoma 1E 95 14, mawasiliano ni mazuri. Chipu uliyo nayo ni ATmega328 isiyo na herufi P, na linalohitajika ni kubadilisha jina lililotajwa kwenye kompyuta. Ukisoma sufuri tupu au FF tupu, hakuna neno la maana linalorudi kupitia MISO.

Anza na umeme, na upime kwenye miguu ya chipu yenyewe wala si kwenye betri. Katika chipu ya miguu 28, chanya huingia mguu wa 7 na wa 20, hasi mguu wa 8 na wa 22. Mguu wa 20 huachwa ukielea na wengi wanaodhani ni wa vipimo vya analogi pekee, ilhali mtengenezaji anataka uunganishwe hata kama vipimo hivyo havitumiki. Pawepo pia kapasita ya nanofaradi 100 karibu kabisa na miguu hiyo. Voltimita huweza kuonyesha volti 5 tulivu huku umeme ukiyumba kwa kasi isiyoweza kuonekana kwayo.

Kisha zima umeme, ufuatilie nyaya moja baada ya nyingine: RESET mguu wa 1, MOSI wa 17, MISO wa 18, SCK wa 19. MOSI huunganishwa na MOSI, wala hazipishanishwi kama zifanywavyo TX na RX. Kosa jingine ni soketi ya pini sita iliyochorwa kinyume, kana kwamba inatazamwa katika kioo. RESET ivutwe kwenye chanya kwa rezista ya kiloomu 10. Iwapo kadi ya kumbukumbu au redio inatumia nyaya hizo hizo, mguu wake wa kuchaguliwa nao uvutwe juu kwa rezista, la sivyo vifaa viwili vitajibu kwa pamoja.

Yote hayo yakiwa sawa, tazama kasi. Chipu mpya kutoka kiwandani hutembea kwa megahezi 1 tu, hata kama umelehemu kristali ya megahezi 16 kando yake, na kasi ya SCK sharti iwe chini ya robo ya hiyo, yaani chini ya kilohezi 250. Programa nyingi za USBasp huanzia kilohezi 375. Chipu mpya haiwezi kufuata mwendo huo! Kwa wanaotumia avrdude, kuongeza -B 10 kwenye amri hupunguza kasi ipasavyo.

Zimebaki fyuzi, ambazo si za kuungua bali ni biti za kuchagua tabia ya chipu. Aliyeamuru kristali ya nje ilhali ubao hauna kristali, au lehemu yake haikushika, ameinyima chipu mapigo ya saa, nayo haitajibu. Tiba ni kuingiza mapigo ya megahezi 1 au zaidi kutoka maikrokontrola nyingine kwenye mguu wa 9, kisha kuandika fyuzi upya.

Fyuzi iitwayo RSTDISBL ni hatari zaidi. Huugeuza mguu wa RESET kuwa wa kawaida, na mlango wa nyaya sita ukafungika. Kuufungua kunahitaji programa maalumu ya volti 12 na miguu mingi ya chipu, hivyo ni heri chipu itolewe kwanza, kwani volti hizo zikivuja zaweza kuua sehemu nyingine za ubao.

Chipu inayopata moto mara tu umeme unapowashwa, ilhali haijabebeshwa mzigo wowote na hakuna lehemu iliyogusanisha miguu wala umeme uliogeuzwa, ndiyo ya kubadilishwa.