Watoto Watakapouliza: Masimulizi ya Kwihara na Malezi ya Kizazi Kipya

Waisraeli walipovuka Yordani, Yoshua aliagiza mawe kumi na mawili yatwaliwe mtoni na kusimamishwa Gilgali. Mawe peke yake hayakutosha. Yoshua alitazamia kwamba siku moja watoto watauliza maana yake, na wajibu wa kuwasimulia akawaachia wazazi (Yoshua 4). Tabora nayo ina alama zake. Mojawapo ni tembe la Kwihara, lililo kilomita chache tu kutoka mjini, ambalo ni nyumba ya makumbusho. Mtoto afikaye hapo huona kuta. Maana ya kuta hizo huipata kwa msimulizi.

Iwanza na Moto wa Jioni

Kabla ya shule kufunguliwa, Unyamwezi ulikuwa na darasa lake. Richard Burton, aliyefika Kaze, yaani Tabora ya leo, mwaka 1857, aliieleza iwanza, nyumba ya baraza walimokutana wanaume wa kijiji. Huko vijana walisikia habari za safari, vita na watemi. Jioni, kando ya moto, mabibi waliwatolea wajukuu ngano za sungura na fisi, na mtoto akajifunza kwamba ulafi huaibisha na kwamba mdogo mwenye akili hamwogopi mkubwa.

Shule za kikoloni zilileta kusoma na kuandika, jambo la kushukuriwa, lakini ziliwapa watoto historia ya watu wengine. Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Tabora kuanzia 1937 hadi 1942, aliliona pengo hilo. Mwezi Desemba 1962, alipokuwa Rais wa kwanza wa Tanganyika, alisikitika kwamba vijana wasomi walizijua ngoma za Ulaya kuliko za makwao, akaunda wizara ya kushughulikia utamaduni wa taifa.

Mzigo Uliopita Kwihara

Kwa kawaida mtoto huambiwa kwamba Kwihara ni mahali walipokaa Dakta David Livingstone na Henry Morton Stanley mwaka 1872. Ni kweli. Stanley aliondoka mwezi Machi. Livingstone akangoja hadi Agosti, wapagazi walioajiriwa pwani walipowasili. Hata hivyo, simulizi kubwa zaidi ya nyumba hii ni la wapagazi wenyewe.

Livingstone alifariki mwezi Mei 1873 kijijini kwa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo. Wafuasi wake, wakiwamo Susi, Chuma, Jacob Wainwright na mpishi Halima, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili na kuanza kuubeba kuelekea pwani. Chuma na Wainwright walikuwa wamewahi kuwa watumwa, wakakombolewa.

Mwezi Oktoba 1873 walifika Kwihara. Hapo walimkuta Verney Lovett Cameron, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza, aliyewashauri wauzike mwili papo hapo. Walikataa. Mbele ya safari, huko Kasekera, wenyeji walizuia maiti isipite. Wabebaji wakakubali kwa maneno kuirudisha Unyanyembe. Walifunga mabua ya mtama katika umbo la maiti, watu wachache wakaondoka nayo, wakayatupa porini na kurejea usiku kwa siri. Mwili wenyewe ulifungwa kama mtumba wa nguo, ukapita. Mwezi Februari 1874 walifika Bagamoyo.

Hapa mna uaminifu, busara na ushupavu wa kuyakataa mashauri ya mkubwa pale dhamiri inapoamua vingine. Mtoto wa Tabora anayeisikia habari hii hujua kwamba historia ya kwao haikutendwa na wageni tu.

Kweli Yote

Msimulizi mwaminifu hachagui matamu peke yake. Njia ile ile ilipitisha pembe za ndovu na watumwa, na katika biashara hiyo walikuwamo Waarabu, Waswahili na Wanyamwezi pia. Mtemi Mirambo, aliyeifunga njia ya Ujiji mwaka 1871, alikuwa adui kwa wafanyabiashara wa Tabora na shujaa kwa watu wa Urambo. Mtoto astahili kuzisikia pande zote mbili. Biblia yenyewe haikuificha dhambi ya Daudi. Kwa nini wazee wazifiche aibu za nchi?

Wajibu wa Usharika

Mwaka 1529 Martin Luther aliiandika Katekisimo Ndogo ili mkuu wa nyumba awafundishe walio nyumbani mwake. Alijua kwamba shule peke yake haimlei mtoto. Usharika unaotimiza miaka 100 una wazee, watoto na shule ya Jumapili. Vyote vitatu vikutanishwe. Mzee aalikwe asimulie, mwalimu alinganishe miaka na maandishi, na mtoto asimulie tena kwa maneno yake mwenyewe, kwa maana asichoweza kukisimulia hajakipokea bado. Kazi hii haingoji bajeti wala jengo. Inawangoja wazee wangali hai, kwani kila anayezikwa kabla ya kuulizwa huenda na yale ambayo hakuna kitabu kitakachoyarudisha.