Zika ya Desemba 2016: sentensi mbili ambazo hazikugombana

Desemba 2016 nilikuwa nyumbani Makorora, likizo ya mwaka wa kwanza chuoni, na dada yangu alikuwa na mimba ya miezi mitano. Jioni moja nikamkuta mama kaketi barazani, miwani puani, anasoma ujumbe wa WhatsApp: Zika imeingia Tanzania, watoto watazaliwa na vichwa vidogo. Kesho yake ukaja mwingine: hakuna Zika, msitishwe. Mama akaniuliza, "Haya msomi, tumwamini nani sasa?" Msomi mwenyewe sikuwa na la kusema.

Miaka imepita, nimesoma kidogo, na leo naweza kumjibu walau nusu.

Kwanza kilichotokea. Tarehe 15 Desemba 2016 Dkt. Mwele Malecela, Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR), aliwaeleza waandishi wa habari kwamba katika utafiti wao, kati ya watu 533 waliopimwa, 83 walionekana kuwahi kupata maambukizi ya Zika. Hiyo ni kama asilimia 15.6. Kumbuka mwaka wenyewe. Kuanzia tarehe 1 Februari hadi 18 Novemba 2016 Zika ilikuwa dharura ya afya ya kimataifa kwa tangazo la Shirika la Afya Duniani (WHO), na picha za watoto wa Brazil zilikuwa zimezunguka dunia nzima. Neno "Zika" peke yake lilitosha kumpandisha mtu presha.

Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, mtu wa kwetu Tanga, akajitokeza akasema nchini hakuna mlipuko wa Zika. Siku hizo hizo Rais Magufuli akatengua uteuzi wa Dkt. Mwele, na kiti chake akapewa Prof. Yunus Mgaya. Magazeti yakaandika mtaalamu kasema hivi, Waziri kasema vile, mtaalamu kaondolewa. Vijiweni watu wakahitimisha kwamba mmoja wao lazima alikuwa muongo.

Sasa rudi uzisome zile sentensi mbili taratibu. Mmoja anasema virusi hivi vimewahi kupita kwenye miili ya baadhi ya watu. Mwingine anasema hakuna mlipuko. Mbona hazigombani? Damu ya mtu hutunza kumbukumbu. Virusi vikiingia, mwili hutengeneza kingamwili za kupambana navyo, na hata vikishaondoka, kingamwili hubaki miaka. Kipimo kikizikuta, kinakwambia mtu huyu aliwahi kukutana na ugonjwa, pengine bila hata kuumwa, maana wengi wanaopata Zika hawaoni dalili yoyote. Mlipuko ni habari nyingine kabisa: wagonjwa wanaongezeka sasa hivi, kupita kiwango cha kawaida cha mahali hapo. Ukipima kingamwili za surua Makorora nzima utazikuta kwa watu kibao, na hakuna atakayesema tuna mlipuko wa surua.

Na hapa ndipo historia inapochekesha kidogo. Virusi vya Zika si vya Brazil, ni vya kwetu. Viligunduliwa mwaka 1947 kwa nyani wa utafiti aliyewekwa kwenye msitu wa Zika, karibu na Entebbe, Uganda, na wanasayansi waliokuwa wanatafuta homa ya manjano. Mwaka 1952 ukatoka utafiti wa damu za watu wa Afrika Mashariki, na kingamwili za Zika zikaonekana kwa watu wa Uganda na wa Tanganyika. Ndiyo, Tanganyika. WHO yenyewe, ikiorodhesha safari ya ugonjwa huu, inaitaja nchi yetu kwenye mwaka huo wa 1952 kama moja ya mahali pa kwanza ulipoonekana kwa binadamu. Kwa hiyo taarifa ya 2016 haikuwa ya mgeni aliyebisha hodi usiku. Ilikuwa ya mwenyeji ambaye hatujawahi kumuulizia kwa zaidi ya miaka 60.

Sitaki kumpaka mtu mafuta, kwa hiyo na upande wa pili niuseme. Zika ni ndugu wa dengi na homa ya manjano, na vipimo vya kingamwili huwachanganya ndugu hawa. Mtu aliyepata dengi anaweza kuonekana kama alipata Zika. Mwanasayansi yeyote angekuwa na haki ya kuuliza: mlitumia kipimo gani, mlihakikishaje? Na taarifa kama ile, kwa mwaka ule, ilihitaji maelezo marefu kuliko yale yanayoingia kwenye kichwa cha habari. Lakini maswali hayo hujibiwa na aliyefanya utafiti, mbele ya wenzake na mbele ya waandishi. Ukishamwondoa ofisini, nani atajibu? Mtafiti mwingine aliyejua mambo ya virusi na mbu, akiona yaliyompata mkurugenzi mkuu, naye anafunga mdomo. Mimi binafsi hilo ndilo naliona kosa kubwa kuliko ubishi wenyewe wa namba.

Linaniuma zaidi kwa sababu Dkt. Mwele hakuwa mgeni mkoani kwetu. Alianzia kazi NIMR kituo cha Amani, na maisha yake ya utafiti aliyatumia kwenye matende na mabusha, ugonjwa ambao mtu wa pwani haelezwi, anaujua. Utotoni tuliambiwa mabusha yanaletwa na madafu. Kumbe ni minyoo midogo inayosambazwa na mbu. Aliongoza mpango wa taifa wa kuutokomeza, na Kirare, hapa hapa Tanga, timu yake ilifuatilia kwa miaka jinsi maambukizi yanavyopungua kila watu wanapomeza dawa. Nakumbuka tukiwa shule ya msingi tunapangwa foleni na kupimwa urefu kwa fimbo, maana vidonge vilitolewa kwa kimo. Maneno yalikuwa mengi mtaani, kwamba dawa zinaua uzazi. Watoa dawa walirudi tena mwaka uliofuata, na mwaka mwingine, wakiulizwa maswali yale yale na kuyajibu.

Zika haikupata nafasi ya kurudiwa hivyo.

Yaliyofuata unayajua. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa na kufanya kuwa kosa kutoa namba za kupinga takwimu rasmi, kisha 2019 ikalegezwa. Mei 2020 likaja papai lenye korona, na mkuu wa Maabara ya Taifa akasimamishwa kazi. Ila Machi 2023, Waziri yule yule Ummy Mwalimu alisimama akatangaza Marburg mkoani Kagera, na namba zake: wagonjwa 8, vifo 5. Nchi haikuanguka. Dkt. Mwele alikwenda WHO, akaongoza idara ya magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na alifariki Februari 2022.

Nirudi kwa mama. Alichohitaji kusikia jioni ile hakikuwa nani mkweli. Alihitaji kuambiwa kwamba mbu wa Zika, Aedes, anauma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku peke yake hakimsaidii mjamzito. Kwamba anazaliana kwenye maji masafi yaliyotuama: pipa la uani, tairi bovu, kifuu cha nazi kilichojaa mvua za vuli. Maneno hayo hayategemei kama mlipuko upo au haupo. Katika ujumbe wote aliopokea wiki ile, hakuna hata mmoja ulioyasema.

Dada alijifungua Aprili, salama. Mwaka 2019 dengi ilipopiga Dar es Salaam na Tanga, mama alinipigia simu chuoni kuuliza kama ni kile kile cha Zika. Nikamwambia ugonjwa tofauti, mbu yule yule, afunike pipa. Akasema pipa alishalifunika kitambo, ila jirani ana matairi sita nyuma ya nyumba, na nani atakwenda kumwambia?