Kiashiria

kiashiria nm *vi-* [ki-/vi-]

1. Kitu au hali inayodokeza jambo fulani.
2. (tiba) Protini ambayo kuwapo kwake katika seli humsaidia mtaalamu wa patholojia kutambua seli hiyo ni ya aina gani.

Asili: kitenzi *ashiria*, chenye shina moja na *ishara*, kutoka Kiarabu.

Matumizi: Tuchukue mfano wa mvuvi wa Mbamba Bay, kwenye mwambao wa Ziwa Nyasa, aliyeota uvimbe chini ya sikio. Hospitalini hukatwa kinyama, nacho hupelekwa maabara ya patholojia, mbali na Ruvuma. Huko kipande chembamba cha tishu hutiwa kingamwili inayoshika protini moja mahususi, kisha rangi. Penye protini hiyo, hadubini huonyesha kahawia. Jibu likirudi kwa Kiingereza, mwalimu au muuguzi anaweza kuombwa alitafsiri.

Kosa la kuepuka: Usiandike *alama ya saratani*, wala usiliache neno *chanya* likisimama peke yake. Msomaji aliyelizoea katika vipimo vya maambukizi ataelewa kwamba ugonjwa umepatikana. Adenoma pleomofiki, uvimbe usio saratani ambao ndio unaotokea zaidi katika tezi za mate, kwa kawaida huonyesha protini S100 na p63. Hata hivyo, p63 huonekana pia katika baadhi ya saratani za tezi hizohizo. Kiashiria kimoja hueleza tabia ya seli tu. Uamuzi hutokana na umbo la tishu likisomwa pamoja na viashiria kadhaa.

Mifano:
✗ *Mgonjwa ni chanya kwa S100.*
✓ *Seli za uvimbe zimeonyesha protini S100. Uvimbe huu si saratani.*

Sentensi ya pili katika mfano sahihi iandikwe pale tu ambapo hitimisho la mtaalamu limesema hivyo. Mfasiri hafasiri ugonjwa, hufasiri maneno.

Tofautisha na:
*dalili*: jambo analolihisi mgonjwa au linaloonekana mwilini mwake, kama vile uvimbe wenyewe.
*matubwitubwi*: maambukizi ya virusi yanayovimbisha tezi za mate, si saratani.
*tezi*: kiungo kinachotoa majimaji au homoni, katika mazungumzo pia ni uvimbe wa shingo. Kwa hiyo andika *tezi ya mate* kwa ukamilifu.

Angalia pia: *kingamwili, kinyama, patholojia, tishu*.