Ugomvi wa Baiti 446

Kompyuta yenye Windows na Linux kwa pamoja hufungua siku yake kwa orodha fupi juu ya kioo cheusi, kwa mfano: Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux, njia za ziada za dharura, kisha Windows mwishoni. Sekunde zinahesabiwa kurudi nyuma, na asiyegusa kibodi huchaguliwa mfumo na mashine yenyewe. Nani aiandike orodha hiyo, mtumiaji au programu, ni swali lililozua ugomvi kwa zaidi ya miaka thelathini.

Mzizi wa fitina ni ufinyu wa nafasi. Kompyuta za ukoo wa IBM PC, tangu zilipopata diski kuu mwaka 1983, zilisoma kwanza sekta moja tu ya diski hiyo, yenye baiti 512. Baiti 64 zilishikwa na jedwali la mgawanyo wa diski, na mbili za mwisho zilikuwa alama ya uthibitisho. Zikabaki 446 za programu ya kuwashia. Aya hii tu isingeenea humo. Nafasi ikiwa moja, mwenye nyumba ni mmoja: kila Windows iliposakinishwa upya iliandika vyake juu ya vilivyokuwapo bila hodi, na Linux ikabaki nzima ndani ya diski, ila haina wa kuiamsha.

Linus Torvalds alipoitoa Linux mwaka 1991, watu waliiwasha kwa flopi. Mwaka uliofuata Werner Almesberger alianza kuandika LILO, programu iliyotawala kazi hiyo kwa muda mrefu. LILO haikujua faili ni kitu gani. Ilikariri namba za mahali kiini cha Linux kilipolala kwenye diski, basi. Mtumiaji aliandika orodha yake kwa mkono katika faili la lilo.conf, kisha akatoa amri ya lilo ili namba zipigwe upya. Aliyebadilisha kiini akaisahau amri hiyo aliikuta mashine imegoma asubuhi.

Hata kugoma kwake kulikuwa na lugha. LILO iliandika herufi za jina lake moja moja kadiri ilivyosonga mbele, hivyo herufi zilizofika kiooni ndizo zilizokuwa taarifa ya ugonjwa. L peke yake ilimaanisha hatua ya kwanza imeanza lakini imeshindwa kuipakia ya pili. LI ilimaanisha ya pili imepakiwa ila haikuweza kuanza. Ndani ya nafasi finyu kiasi kile, ni vigumu kuubeza ubunifu huo.

GRUB, programu nyingine ya kuwashia, ilizaliwa kwa shida tofauti kabisa. Mwaka 1995 Erich Boleyn alikuwa akihangaika kuiwasha GNU Hurd, mfumo wa mradi wa GNU, juu ya kiini cha Mach 4 cha Chuo Kikuu cha Utah, na programu aliyoitunga ikawa na uwezo ambao LILO haikuwa nao: ilisoma faili zenyewe. Orodha yenye kosa haikumfungia mtu nje tena. Alibonyeza e, akarekebisha mstari palepale, akaendelea na kazi yake. Mwaka 1999 Gordon Matzigkeit na Yoshinori Okuji waliiingiza rasmi katika GNU.

Faili lake la menu.lst lilisomeka kwa jicho moja. Ingizo la Windows lilikuwa mistari mitatu hivi: title Windows, rootnoverify (hd0,0), chainloader +1. Wa kwanza ni jina, wa pili unaitaja sehemu ya kwanza ya diski ya kwanza, na wa tatu unaonyesha jinsi kazi inavyogawanywa: GRUB haiwashi Windows, bali huichukua sekta ya kwanza ya sehemu ile na kuikabidhi mashine. Aliyetaka Windows ikae juu aliihamishia juu.

Raha hiyo ilikoma GRUB 2 ilipoingia, kwa watumiaji wa Ubuntu mnamo Oktoba 2009, katika toleo la 9.10. Faili jipya la grub.cfg linaanza kwa onyo kwamba lisihaririwe, kwa kuwa hutungwa na skripti zilizomo ndani ya /etc/grub.d. Sehemu za diski nazo zikaanza kuhesabiwa kutoka moja, ilhali diski zenyewe zilibaki kuhesabiwa kutoka sifuri, kana kwamba kuna aliyetaka kuwapima watu akili. Ukweli ni kwamba mabadiliko hayo yaliwafaa zaidi wasambazaji wa Linux kuliko mtumiaji wa nyumbani. Aliyeandika GRUB_DEFAULT=4 ili Windows iwake yenyewe aliona kiini kipya kikiingia na kuisukuma Windows chini; dawa ilikuwa kuandika jina la ingizo badala ya namba. Na toleo la 2.06, la mwaka 2021, lilizima kwa sababu za usalama os-prober, programu inayoitafuta mifumo mingine kwenye diski. Windows ikatoweka kwenye menyu za watu. Ili irudi ilibidi kuandika GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false, yaani kukanusha kukataza.

Wakati huo baiti 446 zilikuwa zimeanza kusahaulika. Katika UEFI, utaratibu mpya wa kuwashia kompyuta, kila mfumo hupata folda yake kwenye sehemu maalumu ya diski, na orodha huhifadhiwa kwenye kumbukumbu ya ubao mama. Amri ya efibootmgr huionyesha, Boot0000 na kuendelea, pamoja na mstari wa BootOrder unaosema nani atangulie. Ugomvi ukahamia kwenye zamu, kisha kwenye saini: tangu Windows 8 ya mwaka 2012, kompyuta mpya nyingi hukataa programu ya kuwashia isiyo na saini zinayoitambua, na Linux hupita kwa shim, programu ndogo iliyosainiwa na Microsoft.

Agosti 2024 sasisho la Microsoft lilizikataa shim za zamani zenye kasoro. Kampuni hiyo ilikuwa imesema kompyuta zenye mifumo miwili hazitaguswa. Nyingi ziliguswa, zikaandika kwamba sera ya usalama imekiukwa, kisha zikajizima. Wenyewe walizima Secure Boot, yaani kinga hiyo ya saini, kwa muda, wakawasha Linux, wakafuta sera ile kwa amri ya mokutil, wakairudisha Secure Boot. Marekebisho kutoka Microsoft yenyewe yalifika Mei 2025.